Nyaya za Simu Zilizomo Ukutani: Jinsi ya Kuzipitishia Intaneti Nyumbani

Katika nyumba nyingi za zamani nchini Uganda, za Kololo, Nakasero, Entebbe na Jinja, na hata katika maghorofa ya Bugolobi, bado kuna soketi za simu ukutani ambazo siku hizi hakuna anayezigusa isipokuwa kwa kitambaa cha kufutia vumbi. Nyuma ya soketi hizo hupita kebo ya shaba yenye nyaya nne, sita au zaidi, iliyowekwa enzi ambazo nyumba yenye ofisi ndani yake ilihitaji laini moja ya mazungumzo, ya pili ya faksi, na pengine ya tatu ya chumba cha mlinzi. Leo mwenye nyumba analeta intaneti, ruta inawekwa sebuleni, na vyumba vya nyuma havipati kitu kwa sababu kuta ni nene, za matofali ya kuchoma, na mawimbi ya Wi-Fi hayana nguvu ya kuzipenya tatu au nne kwa mfululizo. Hapo ndipo watu wanapozikumbuka zile nyaya na kuuliza kama zinaweza kubeba intaneti.

Mara nyingi zinaweza. Sharti lake ni moja, nalo hupuuzwa na mafundi wengi: mawimbi ya intaneti yapewe jozi yao ya nyaya zilizosokotwa pamoja, na njia isiyo na matawi tangu mwanzo hadi mwisho. Karibu kila lalamiko ninalolisikia kuhusu kazi hii, iwe ni modemu (kifaa kinachopokea intaneti kutoka kwenye waya wa simu) isiyoshika laini, kasi inayopanda na kushuka, au muunganisho unaokatika usiku, hurudi kwenye sharti hilo. Kwa hiyo makala haya yatakaa zaidi kwenye nyaya zenyewe kuliko kwenye vifaa vya kununua, maana anayezifahamu nyaya zake hachukui muda kuchagua kifaa, na asiyezifahamu hata kifaa cha bei ghali hakitamsaidia.

Ni vyema kwanza kueleza kwa nini tuna nyaya hizi ndani huku za nje zikiwa zimetoweka. Hadi mwaka 1977 simu za Uganda ziliendeshwa na shirika la pamoja la posta na simu la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika, kazi hiyo ikaangukia shirika la Uganda lenyewe, na baada ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 1997 shirika hilo likagawanywa, upande wa simu ukawa Uganda Telecom. Lakini kufikia wakati huo Celtel ilikuwa imeshaanza huduma ya simu za mkononi mwaka 1995, na MTN ikafuata mwaka 1998. Watu wakaacha kupanga foleni ya kungojea laini ya mezani. Namba za Kampala zinazoanza na 0414 zikabaki kwenye barua za maofisi, na kebo za shaba barabarani zikachakaa au zikaibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Kisha, kati ya mwaka 2009 na 2010, kebo za chini ya bahari za SEACOM, TEAMS na EASSy zilifika pwani ya Afrika Mashariki, na Uganda, ambayo haina bahari, ikaanza kupata intaneti yake kwa faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo, kupitia Mombasa na Dar es Salaam badala ya setilaiti. Matokeo yake ni kwamba leo intaneti yenye kasi inaweza kufika hadi getini kwako, ikakwama katika mita 20 za mwisho, ndani ya nyumba ambayo tayari ina shaba ukutani.

Jozi ndiyo kila kitu

Laini moja ya simu ni nyaya mbili, si zaidi. Simu ikiwa imetua, kituo cha simu huweka kati ya nyaya hizo mkondo mnyofu wa volti 48 hadi 50. Mkono wa simu unapoinuliwa volti hushuka hadi takriban 6 au 10. Simu inapolia, mkondo geu wa volti 75 hadi 90 hupita, nao unatosha kumshtua fundi aliyeshika nyaya kwa vidole vitupu. Anayefungua soketi ya laini iliyo hai na ajue hivyo kabla ya kuanza.

Nyaya mbili za laini husokotwa pamoja kwa sababu maalumu. Kelele za umeme zinazotoka nje, za injini, za taa, za redio, huzigusa nyaya zote mbili kwa kiasi karibu sawa. Na kwa kuwa kifaa kilicho mwishoni husoma tofauti kati ya nyaya hizo tu, kelele iliyo sawa pande zote mbili hujifuta. Msokoto ukiondolewa, kinga hiyo huondoka. Mazungumzo hayadhuriki sana, kwa kuwa sauti ya simu hutumia mawimbi ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu, lakini intaneti ya shaba hutumia mawimbi ya mamia ya kilohezi hadi megahezi nyingi, na huko juu kelele na uvujaji kati ya jozi na jozi huwa mkubwa.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kebo yoyote ya ukutani ni kama imesokotwa. Kebo za ndani za mtindo wa Kiingereza huwa na jozi za rangi: nyeupe na bluu kwa jozi ya kwanza, nyeupe na chungwa kwa ya pili, nyeupe na kijani kwa ya tatu, nyeupe na kahawia kwa ya nne, na kijivu ikifuata kwa ya tano. Kebo kubwa za maofisini huendeleza mpango huohuo kwa kubadilisha ile nyeupe kuwa nyekundu, kisha nyeusi, kisha njano, kisha zambarau, hadi zitimie jozi 25. Ukiikuta kebo ya namna hiyo, nusu ya kazi imekwisha. Lakini zipo nyumba zilizowekewa kebo ya nyaya nne sambamba, nyekundu, kijani, njano na nyeusi, ambapo nyekundu na kijani ni laini ya kwanza na njano na nyeusi ni ya pili. Nyingi ya kebo hizo hazijasokotwa jozi kwa jozi. Zinaweza kubeba laini moja ya intaneti kwa umbali wa nyumba ya kawaida, ila usitarajie ziwe na intaneti kwenye jozi moja na simu inayolia kwenye nyingine bila moja kuisumbua nyingine.

Kuna kosa linalofichika kuliko yote, nalo ni jozi iliyopasuliwa. Fundi anayeunganisha kwa haraka anaweza kuchukua waya mmoja wa jozi ya bluu na mmoja wa jozi ya chungwa, akazifanya laini moja pande zote mbili. Mita ya umeme itasema mambo ni sawa, kwa sababu kila waya umefika unakotakiwa kufika, na simu italia na kusikika vizuri. Data haitapita, au itapita kwa shida, kwa sababu nyaya zile mbili hazikusokotwa pamoja na kila mmoja unabeba kelele ya mwenzake wa zamani. Nimeona watu wakibadilisha modemu mara kadhaa na kumlaumu mtoa huduma wao, kumbe ni jambo la kufungua soketi mbili na kutazama rangi. Usiamini mita peke yake. Tazama rangi kwa macho pande zote mbili.

Kuzitafuta njia

Kabla ya kununua chochote, chora ramani. Kata uhusiano wowote na laini ya nje, kisha funga kwenye jozi moja kifaa kidogo cha kutoa mlio, ambacho mafundi wa simu na kompyuta wa Kampala huwa nacho, na upite na kisikilizio chake kutoka soketi hadi soketi. Asiye na kifaa hicho anaweza kuunganisha ncha mbili za jozi moja upande mmoja na kupima upande wa pili kwa mita iliyowekwa kwenye omu: jozi iliyounganishwa itaonyesha ukinzani mdogo, na zilizobaki zitaonyesha hakuna njia. Andika kila soketi ina jozi zipi, na kila jozi inaishia wapi. Bandika karatasi ndogo kwenye kila ncha. Kazi hii huchosha na huchukua muda mrefu kuliko uunganishaji wenyewe, lakini ndiyo inayoamua kama mengine yote yatafaulu.

Ramani hiyo itakuonyesha moja ya maumbo mawili. Umbo la kwanza ni nyota, ambapo kila soketi ina kebo yake inayokwenda hadi kwenye kisanduku kimoja, aghalabu karibu na mlango, chini ya ngazi, au kwenye ukuta wa nje chini ya paa. Umbo la pili ni mnyororo, ambapo kebo moja huingia soketi ya kwanza, ikatoka kwenda ya pili, kisha ya tatu. Kwa simu maumbo yote mawili ni sawa. Kwa intaneti, nyota ni baraka ikiwa kila mkono wake unatumiwa peke yake, na ni balaa ikiwa mikono yote imefungwa pamoja kwenye kisanduku, kwa sababu kila mkono usio na kifaa huwa tawi mfu.

Tawi mfu hudhuru kwa njia inayoweza kukokotolewa. Mawimbi yanayoingia humo hufika mwisho, hukosa pa kwenda, na hurudi kama mwangwi wa sauti bondeni, yakikutana na yale yanayofuata. Kwenye kebo ya shaba mawimbi husafiri kwa takriban theluthi mbili ya kasi ya mwanga, yaani karibu mita milioni 200 kwa sekunde. Mwangwi huharibu zaidi yale mawimbi ambayo robo ya urefu wake ni sawa na urefu wa tawi. Gawanya mita milioni 200 kwa mara nne ya urefu wa tawi nawe utapata mahali penye pengo: tawi la mita 50 hutoboa pengo karibu na megahezi 1, na tawi la mita 25 karibu na megahezi 2. Hayo ndiyo mawimbi ambayo modemu ya ADSL, yaani intaneti inayokuja kwa laini ya simu, hutegemea kupokea data. Ndiyo maana mtu anaweza kuondoa kipande cha kebo kinachokwenda kwenye chumba kisichotumika na kuona kasi ikiongezeka bila kubadilisha kitu kingine.

Ikiwa shaba ya nje bado iko hai

Pale ambapo kituo cha simu bado kinatoa intaneti kwa shaba, teknolojia inayotumika ni ya familia ya DSL. ADSL ya awali hupeleka data kwa mawimbi ya kati ya kilohezi 26 na 138, na hupokea kwa mawimbi ya kuanzia hapo hadi megahezi 1.1. ADSL2+ hupanua upokeaji hadi megahezi 2.2 na kuweza kufikia megabiti 24 kwa sekunde kwa aliye jirani na kituo. Umbali hula kasi hiyo haraka. Mwenye kilomita tano za shaba kati yake na kituo ashukuru akipata megabiti moja au mbili.

Kwa kuwa sauti hukaa chini na data hukaa juu, vyote viwili vinaweza kupita kwenye jozi moja, mradi kila simu iliyo kwenye jozi hiyo ipitie kichujio kinachozuia mawimbi ya juu yasiingie ndani yake. Hapa wenye nyumba za laini nyingi huchanganyikiwa bila sababu. Vichujio vinahitajika kwenye jozi inayobeba intaneti tu. Kama laini ya kwanza ni ya mazungumzo na ya pili ni ya intaneti, basi simu za laini ya kwanza hazihitaji kichujio chochote. Na kama laini ya pili haina simu hata moja, hiyo haihitaji kichujio pia, na ndiyo hali bora kuliko zote: jozi nzima ya intaneti peke yake.

Bora zaidi kuliko vichujio vingi vidogo ni kitenganishi kimoja kinachowekwa pale laini inapoingia nyumbani. Kitenganishi hutoa njia mbili: moja ya simu zote za nyumba, na nyingine inayokwenda moja kwa moja hadi kwenye modemu kwa jozi yake yenyewe. Nyumba yenye kebo ya jozi mbili au tatu inafaa sana kwa mpango huu, maana jozi ya bluu inaweza kubaki na simu na ya chungwa ikapewa modemu. Matawi yote ya simu hubaki nyuma ya kitenganishi, na mawimbi ya data hayaoni hata moja.

Ukishatenga jozi ya pili kwa modemu, kumbuka kwamba plagi ndogo ya simu ina nafasi sita, na modemu husikiliza zile mbili za katikati tu, ya tatu na ya nne. Soketi iliyofungwa kwa mtindo wa laini nyingi huweka laini ya pili kwenye nafasi ya pili na ya tano. Ukichomeka modemu hapo, taa ya laini itawaka na kuzima bila kutulia, si kwa sababu laini ni mbovu, bali kwa sababu modemu inasikiliza nyaya nyingine kabisa. Dawa yake ni kuihamisha jozi ya intaneti hadi katikati ndani ya soketi hiyo.

Katika nyumba zenye soketi pana za mtindo wa Kiingereza huwa kuna waya wa tatu, uliowekwa zamani ili kulisha kengele za simu. Waya huo umeungana na upande mmoja tu wa jozi, kwa hiyo huvuruga ule usawa ulioelezwa hapo juu na kuifanya nyumba nzima kuwa antena ya kelele. Simu za kisasa haziuhitaji. Uondoe katika kila soketi.

Baada ya hapo fungua ukurasa wa modemu na usome tarakimu mbili: upotevu wa nguvu, na nafasi ya kelele, yaani akiba ambayo mawimbi bado yanayo juu ya kelele. Upotevu wa chini ya desibeli 20 ni mzuri sana. Ukizidi 60, tarajia kidogo. Nafasi ya kelele ikishuka chini ya desibeli 6, laini itaanza kukatika. Pima kwanza modemu ikiwa kwenye sehemu ya kuingilia laini na nyumba yote ikiwa imetengwa, kisha pima ikiwa kwenye chumba unachokitaka. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni gharama ya nyaya za nyumba yako, na hiyo ndiyo unayoweza kuirekebisha wewe. Yaliyo nje ya kisanduku cha kuingilia ni mali ya kampuni ya simu, na hairuhusiwi kuyagusa.

Mzee mmoja wa Entebbe aliwahi kuniuliza: "Fundi, kama simu inasikika vizuri, kwa nini intaneti inakatika mvua ikinyesha?" Nikamjibu: "Mzee, sauti inaridhika na njia mbovu, data hairidhiki." Kwenye hewa ya unyevu ya kandokando ya ziwa, viungo vya waya vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe hushika kutu ya kijani, na maji yakiingia ukinzani hubadilika kila dakika. Vikate viungo hivyo na uunganishe upya kwa vile vikonyo vidogo vya kubana kwa koleo vyenye mafuta mazito ndani yake, ambavyo huzuia hewa na maji. Ni vya bei ndogo na vinadumu kwa miaka mingi.

Ikiwa shaba ya nje imekufa

Hii ndiyo hali ya nyumba nyingi za Uganda leo: intaneti inaingia kwa faiba au kwa ruta ya laini ya simu ya mkononi, na nyaya za ukutani hazina kazi. Zinaweza kupewa kazi ya kuupeleka mtandao vyumbani. Hatua ya kwanza, ambayo haina mjadala, ni kuikata kebo inayotoka nje kwenye kisanduku cha kuingilia, ili umeme wa laini iliyosahaulika, au radi iliyopiga nguzo, usifike kwenye vifaa vyako.

Baada ya hapo, idadi ya jozi huamua njia. Kebo yenye jozi mbili nzuri inaweza kubeba etheneti, yaani mtandao wa waya wa kompyuta. Wengi hawajui kwamba etheneti ya megabiti 10 kwa sekunde, iliyopitishwa kuwa kiwango mwaka 1990, ilibuniwa kwa makusudi ipite kwenye nyaya za simu za maofisini, jozi mbili kwa umbali wa mita 100. Etheneti ya megabiti 100, ya mwaka 1995, hutumia jozi mbili pia lakini hudai kebo ya daraja la 5, na ile ya megabiti 1,000, ya mwaka 1999, hudai jozi nne. Tatizo ni kwamba vifaa viwili vinapokutana hukubaliana kasi bila kuipima kebo iliyo kati yao. Vitakubaliana megabiti 100 kwenye kebo ya simu, taa itawaka, na nusu ya data itapotea njiani. Ukiona hivyo, ilazimishe swichi (kifaa kinachogawa mtandao kwa waya) ishuke hadi megabiti 10. Hizo zinatosha kwa barua, masomo ya mtandaoni na mkutano wa video wa mtu mmoja, na zikiwa imara ni bora kuliko 100 zinazoyumba.

Palipo na jozi moja tu, kuna vifaa vya kuunganisha kwa teknolojia ya VDSL2, ya familia ileile ya DSL, vinavyouzwa viwili viwili: kimoja hufanya kazi ya kituo na kingine hufanya kazi ya mteja. Kwa umbali wa nyumba vinaweza kufikia megabiti 100 kwa sekunde au kukaribia hapo. Watu hujaribu kuokoa fedha kwa kuunganisha modemu mbili za zamani za nyumbani ana kwa ana. Haiwezekani, kwa kuwa zote mbili ni za upande wa mteja na hakuna ya kufanya kazi ya kituo.

Njia ya tatu ni kiwango cha G.hn cha Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ambacho kilibuniwa kwa ajili ya nyaya za aina yoyote zilizomo ndani ya jengo. Hiki huvumilia matawi kuliko DSL, na kifaa kimoja kinaweza kuzungumza na vyumba kadhaa kwenye nyaya zilezile, ingawa vyumba hivyo hugawana kasi. Kwa nyumba yenye soketi za mnyororo ambazo haziwezi kutenganishwa bila kubomoa plasta, ningekipendelea hiki. Nisingekiweka pamoja na VDSL2 ndani ya kebo moja, kwa sababu vyote viwili hutumia mawimbi yaleyale na vitavujiana.

Wanaonufaika zaidi na njia hizi ni wenye nyumba za wageni, zahanati na shule zilizokuwa na ubao wa simu wa ndani, yaani mtambo wa kuunganisha simu za vyumbani. Katika majengo hayo kila chumba kina jozi yake inayokwenda hadi mapokezi: nyota kamili, yenye mistari ya viunganishi na mara nyingi hata namba za vyumba zimeandikwa. Mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba 20 huko Jinja au Mbale anaweza kuweka kifaa kikuu mapokezi na kifaa kidogo cha Wi-Fi katika kila chumba au kila kundi la vyumba, bila kutoboa ukuta hata mmoja na bila wageni kuhama. Kabla ya kuanza, ubao wa simu wa zamani uzimwe na uondolewe kwenye jozi zitakazotumika, maana nao huweka umeme wake kwenye nyaya.

Radi na umeme

Uganda ina radi nyingi kupita nchi nyingi duniani, na Tororo imetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa miji yenye siku nyingi zaidi za ngurumo. Kebo ndefu ya shaba hukusanya umeme hata radi ikipiga mbali. Kwa hiyo kila jozi inayoingia kutoka nje lazima ipite kwenye kikinga radi chenye kidonge cha gesi, aina inayofunguka takriban kwenye volti 230, na kikinga hicho kiunganishwe na ardhi kwa waya mfupi, mnene, usio na mizunguko. Ardhi hiyo iwe ileile ya umeme wa nyumba. Ardhi mbili tofauti zinaweza kuwa na tofauti kubwa ya volti wakati wa radi, na tofauti hiyo itapitia kwenye kifaa chako, au kwako wewe uliyekishika. Kati ya nyumba kubwa na nyumba ya nyuma usipitishe shaba kabisa kama unaweza kuiepuka. Faiba ya mita 40 hugharimu kidogo kuliko ruta mbili zilizoungua, nayo haipitishi umeme.

Simu ya zamani iliendelea kufanya kazi umeme ulipokatika kwa kuwa ililishwa na betri za kituo. Vifaa vya intaneti havina msaada huo. Vingi hutumia volti 12, hivyo betri ndogo yenye chaji yake, au mfumo wa sola uliopo nyumbani ukiwa na kirekebisha volti, unaweza kuvibeba bila inveta. Hesabu vifaa vyote vya njiani, si ruta peke yake: kifaa cha faiba, kile cha kuunganisha kilicho kisandukuni, na kile cha chumbani. Kimoja kikizimika, njia yote imekatika. Unaponunua, chagua vilivyoidhinishwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda.

Zipo nyumba ambazo nyaya zake hazistahili juhudi hii. Ukikuta viungo vingi vilivyozikwa kwenye plasta, panya wametafuna kebo darini, au shaba imekuwa nyeusi na inakatika ukiikunja mara moja, ni afadhali kuvuta kebo mpya ya daraja la 6. Hata hapo ile ya zamani inaweza kutumika kwa mara ya mwisho. Ivute taratibu kutoka upande mmoja huku mwenzako akishika upande wa pili. Ikisogea, maana yake imo ndani ya bomba. Ifunge ncha yake na ncha ya kebo mpya pamoja na kamba ya nailoni, sokota utepe uwe laini usikwame kwenye kona, paka sabuni ya maji, kisha vuta bila kushtua. Iache ile kamba ya nailoni ndani ya bomba baada ya kumaliza, kwa ajili ya kebo itakayofuata. Isiposogea, ilizikwa kwenye ukuta bila bomba. Iache ilipo na utafute njia ya darini.